Alama Kwenye Mlango Mmoja

Hotuba kwa wanafunzi na walimu wa sayansi, Mbeya

Shikamooni wazee wangu, shikamooni walimu. Wanafunzi, hamjambo. Na mliotoka upande wa kwetu Iringa, kamwene.

Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya. Ninabuni molekuli ndogo ambazo zikiingizwa ndani ya seli hutafuta protini moja, hufika kwenye sehemu moja tu ya protini hiyo na kuiachia alama, huku sehemu nyingine zote zikipitwa bila kuguswa. Wanakemia huziita probu. Ningeweza kuanza na fomula ubaoni, lakini naomba nianzie Ilula, kwenye shamba la nyanya, maana ndiko kazi hii iliponikuta.

Nilikuwa darasa la sita. Msimu ule inzi weupe walikuwa wengi na baba alipuliza dawa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, bomba mgongoni, pua na mdomo wazi, na shati limelowa kwa sababu kifuniko cha bomba kilikuwa kinavuja. Jioni alirudi akiyumba kama mtu aliyelewa, na baba yangu hajawahi kunywa pombe. Mate yalimtoka mfululizo. Jasho lilimtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Kifua kilikoroma. Mama alimwinua kope, akaniambia nishike tochi, nikaona mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tulimpakia kwenye gari lililokuja kubeba nyanya tukampeleka hospitali. Daktari wa zamu hakuuliza maswali mengi: alinusa shati, akatazama macho, akaagiza atropini. Akamchoma sindano, akarudia, akarudia tena, mpaka alfajiri. Baba alipona, na yuko hai hadi leo.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu alichora ubaoni kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, na mimi nikaona nimechorewa usiku ule. Neva inapotaka msuli ujikunje au tezi itoe mate, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kimeng'enya hiki kazi yake ni kuikatakata kemikali hiyo mara moja ili amri ikome. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa zaidi mwilini. Kimoja hukata maelfu ya molekuli kwa sekunde moja. Kikinyamazishwa, amri haikomi. Mate hayakomi, jasho halikomi, mapafu yanajaa maji.

Ndani ya kimeng'enya hicho kuna korongo jembamba lenye kina cha nanometa 2 hivi. Chini kabisa ya korongo imekaa asidi amino moja, yaani kimoja cha vipande vinavyoungana kuwa protini, iitwayo serini. Kwa binadamu ni ya 203 katika mnyororo. Dawa ile ya nyanya, ya kundi la oganofosfati, ilishuka korongoni ikabandika fosfati yake juu ya serini hiyo, na ikang'ang'ania pale.

Sasa tafakarini jambo hili. Mwili wa baba una protini za aina maelfu kwa maelfu, na karibu kila moja ina serini, nyingine zina makumi. Kwa nini sumu iliziruka karibu zote hizo ikaenda kuikamata ya 203? Jibu liko kwa majirani. Serini nyingi zimelala tu. Hazina nguvu ya kushikana na chochote. Ile ya 203 ina jirani histidini, asidi amino nyingine, na histidini ina jirani glutamati nyuma yake, na hawa wawili huivuta protoni yake mpaka serini inakuwa macho, tayari kushambulia. Sumu haikuitambua serini kwa jina. Iliitambua kwa hali iliyowekwa na majirani zake. Swali hilo, na jibu hilo, ndivyo vilivyonifanya mwanakemia.

Wapo waliotangulia kuona kwamba kitu kinachoweza kuchagua serini moja kati ya nyingi kinaweza kuwa kalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti walionyesha kwamba molekuli moja ya DFP, ndugu wa sumu hizi, inatosha kunyamazisha molekuli moja ya kimeng'enya cha kusaga chakula kiitwacho kaimotripsini. Wengine wakaweka ndani ya sumu hiyo fosforasi yenye mionzi, wakaifuatilia ilipokaa, wakafika kwenye serini ileile inayofanya kazi. Nusu karne ikapita. Mwaka 1999 Benjamin Cravatt na wenzake kule California walichukua mkono wa sumu, yaani ile fosforasi iliyoshikana na florini, wakaufungia mnyororo mrefu, na mwisho wa mnyororo wakaweka biotini, vitamini ambayo protini moja ya ute wa yai hushikana nayo kwa nguvu isiyo na mfano. Wakachanganya na protini za tishu. Wakavuta biotini, na vilivyokuja pamoja nayo vilikuwa vimeng'enya vya ukoo mmoja, ukoo ambao kwa binadamu una wanachama zaidi ya 200.

Na hapa kuna jambo ambalo naliona zuri kila ninapolieleza. Kimeng'enya kilichokuwepo lakini kimezimwa hakikupata alama. Kukihesabu kimeng'enya kilichopo ni kama kusoma daftari la majina shuleni. Alama ya Cravatt ilionyesha nani yuko darasani anaandika.

Ila hiyo ni alama ya ukoo. Sisi leo tunataka mlango mmoja.

Niwaeleze domeni ni nini, maana bila hilo mengine hayatashika. Protini ni uzi mrefu wa asidi amino, aina 20, uliojikunja. Protini ndogo hujikunja mara moja ikawa donge. Kubwa hujikunja kwa mafungu: uzi uleule unatengeneza donge hapa, unanyooka kidogo, unatengeneza donge jingine kule. Kila donge linaweza kusimama peke yake na lina kazi yake. Donge hilo ndilo domeni. Ifikirieni nyumba ya kupanga pale Mwanjelwa: paa moja, lakini chumba hiki yupo fundi cherehani, kile yupo muuza mitumba, cha mwisho kimefungwa na hakuna anayejua kina nini. Protini iitwayo Src iko hivyo. Ina domeni moja inayopachika fosfati kwenye protini nyingine, na ina domeni nyingine, SH2, ambayo kazi yake ni kutambua asidi amino tairosini iliyokwisha pachikwa fosfati. SH2 iliainishwa mwaka 1986 na kundi la Tony Pawson kule Kanada, na leo tunajua binadamu ana domeni za namna hiyo karibu 120 zilizotawanyika katika protini karibu 110.

Mtu wa jenetiki akitaka kujua kazi ya protini, huiondoa jeni yake. Ni njia nzuri na imetufundisha mengi, lakini inabomoa nyumba nzima. Fundi cherehani ameondoka, muuza mitumba ameondoka, na hujui ni kuondoka kwa nani kulikosababisha mtaa ukae kimya. Probu nzuri inafunga mlango mmoja na kuandika juu yake, wengine wanaendelea na biashara. Ndiyo maana namsihi kila mwanafunzi ninayemsimamia asiandike kamwe "nimeizuia protini fulani" kabla hajaniambia ni chumba gani.

Probu inatengenezwaje? Wenyeji wa Mufindi mmeona gogo likigongwa nyundo yenye muhuri kabla halijatoka msituni. Nyundo ile ina mpini, ina kichwa, na ina herufi. Probu nayo ina viungo vyake: kichwa kinachojua njia ya kuingia kwenye domeni, mkono unaokamata na kufunga kifungo kisichofunguka, kamba, na bendera, ambayo ndiyo sisi tunaiona.

Kichwa mara nyingi hatukibuni kutoka hewani. Tunachukua dawa au molekuli ambayo tayari inajulikana kukaa kwenye domeni hiyo. Mkono tunauchagua kwa kutazama kilichopo jirani na kichwa kikishakaa. Asidi amino iitwayo sisteini ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu ina salfa, na salfa hushika upesi. Pia sisteini ni chache, kwa hiyo ukiipata pembeni ya mfuko unaoutaka, yaani lile shimo la domeni ambamo kichwa hukaa, umepata namba ya nyumba. Mfano wake ni BTK, protini ya seli nyeupe za damu. Binadamu ana vimeng'enya vya kupachika fosfati zaidi ya 500, na karibu vyote vina mfuko unaofanana wa kushika ATP, kemikali inayotoa fosfati hiyo. Ukitengeneza kichwa tu cha kuingia kwenye mfuko huo, utaingia nyumba nyingi. Lakini BTK ina sisteini namba 481 pembeni ya mfuko, na wenye sisteini mahali hapo ni kama kumi tu. Dawa ya saratani ya damu iitwayo ibrutinibu imejengwa juu ya hilo: kichwa kinaingia kwenye mfuko, mkono unashika 481. Kabla haijaidhinishwa Marekani mwaka 2013, watafiti walikuwa wameifungia kamba na rangi inayong'aa, wakaweza kuona katika damu ya mgonjwa ni BTK ngapi bado ziko wazi baada ya kumeza dawa. Dozi haikukisiwa, ilionekana kwa macho.

Bendera ilikuwa tatizo kubwa kwa miaka mingi. Biotini ni kubwa, rangi ni kubwa zaidi, na molekuli iliyobeba mzigo huo mara nyingi haipenyi ukuta wa seli. Suluhisho lilikuja mwaka 2002, pale Barry Sharpless huko Marekani na Morten Meldal huko Denmark, kila mmoja kwa njia yake, walipogundua kwamba alkaini na azidi, vipande viwili vidogo vya molekuli, vikikutanishwa mbele ya shaba hushikana upesi na kwa usafi. Alkaini ni kaboni mbili tu zilizofungana mara tatu. Ni ndogo kiasi kwamba probu haihisi imebeba kitu. Inapita, inafika, inashika, halafu wewe unaleta azidi yenye rangi na kuifunga mwishoni. Shaba ina sumu kwa seli hai, na Carolyn Bertozzi akaiondoa kwa kutumia alkaini iliyokunjwa kwenye pete ya kaboni nane mpaka yenyewe inatamani kufunguka. Watatu hao walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2022.

Kamba, ndugu zangu, ndiyo watu huidharau, na ndiyo iliyoniumiza mimi.

Katika mwaka wangu wa pili wa uzamivu domeni niliyokuwa naitafuta haikuwa na sisteini karibu. Mahali pa namna hiyo hutumiwa mkono wa mwanga. Unaweka pete ndogo ya kaboni moja na naitrojeni mbili iitwayo diazirini. Unapomulika mwanga wa urujuanimno wa nanometa 365 hivi, naitrojeni zinaruka, na kaboni iliyobaki ina njaa kali inayoshika chochote kilicho karibu. Wazo la kuwasha alama kwa mwanga lilianza na Frank Westheimer mwaka 1962, na mimi nililipenda mara niliposoma. Nikatengeneza probu yangu, na kwa kuwa nilikuwa na kemikali yake kabatini, nikatumia kamba ya kaboni kumi na mbili, yaani mnyororo wa mafuta. Nikamulika. Kwenye jeli, ambayo hutenganisha protini kwa uzito, ukatokea mstari mmoja mzuri sana, uzito unaokaribiana na protini yangu. Kwa miezi tisa niliuamini mstari ule. Niliujengea sura nzima ya tasnifu.

Siku moja mwenzangu wa maabara aliniuliza kwa upole: umeshaijaribu isiyo na kichwa? Nikatengeneza molekuli yenye kamba, mkono na bendera, bila kichwa chochote cha kujua njia. Nikamulika. Mstari ukatokea uleule. Protini niliyokuwa nimeitia alama ilikuwa protini nyingine iliyojaa tele kwenye seli, yenye ngozi inayopenda mafuta, na kamba yangu ilikuwa imeilalia tu. Njaa ya mkono ikakamata kilichokuwa karibu.

Nililia siku ile, siwafichi. Lakini tangu hapo sijapima probu yoyote bila ndugu yake asiye na kichwa pembeni. Na kamba nazifunga mahali ambapo ramani ya domeni inanionyesha kwamba molekuli imetazama nje ya mfuko, na nachagua kamba zenye oksijeni kila baada ya kaboni mbili, zinazopatana na maji.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kwangu ndicho kipimo cha ufundi huu, nacho nakiita kisa cha Kulwa na Doto.

Ipo protini iitwayo BRD4. Inakaa kwenye kiini cha seli na inasoma alama zilizowekwa juu ya protini zinazoizunguka DNA, hasa asidi amino laisini iliyobandikwa kipande kidogo kiitwacho asetili. Inazisoma kwa domeni iitwayo bromodomeni, donge la asidi amino 110 hivi. Lakini BRD4 haina bromodomeni moja. Ina mbili, katika uzi mmoja, zinazofanana kama mapacha, BD1 na BD2. Na BRD4 ina ndugu watatu, kila mmoja na mapacha wake, kwa hiyo ukoo una milango minane.

Mwaka 2010 kundi la James Bradner kule Boston, pamoja na wenzao wa Oxford, walitangaza molekuli iitwayo JQ1, jina lililotokana na Jun Qi, mwanakemia aliyeitengeneza. JQ1 huingia pale ambapo asetili ingeingia. Na walifanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko hata kemia yenyewe: walichapisha muundo wake wazi na kuituma bure kwa maabara zilizoiomba. Ni kama mkulima aliyepata mbegu nzuri akaigawa kwa majirani kabla hajavuna ya kwake. Kwa sababu hiyo elimu ya bromodomeni ilikimbia mbali zaidi kwa miaka michache kuliko ilivyotembea kwa miaka mingi nyuma.

Hata hivyo JQ1 inaingia milango yote minane. Ukiifungia kamba na bendera utatia alama kwa Kulwa na kwa Doto bila kubagua, na hutajua nani alifanya nini. Mama wa mapacha huwatofautishaje? Atakwambia: huyu ana kovu hapa. Wanakemia nao wakakaa na ramani za domeni hizi mbili, wakazilaza moja juu ya nyingine, wakatafuta kovu. Ndani kabisa ya mfuko hakuna, wamefanana mno. Lakini kwenye kizingiti, BD1 ina asidi aspatiki, namba 144, na BD2 mahali palepale ina histidini, namba 437. Moja ina chaji hasi. Nyingine ni pete bapa inayoweza kulaliwa na pete nyingine. Tofauti ni hiyo moja, pamoja na nyingine ndogo jirani yake ambapo isolusini imekuwa valini.

Juu ya kovu hilo yakajengwa makundi mawili ya molekuli, na mwaka 2020 zikachapishwa zile zinazokwenda BD1 na zile zinazokwenda BD2. Matokeo yake yalistahili jasho lile. Kuifunga BD1 kulizuia seli za saratani karibu sawa na kufunga zote mbili. Kuifunga BD2 kulionekana kufaa zaidi katika mifano ya magonjwa ya uvimbe na ya mwili kujishambulia. Mapacha wale, chini ya paa moja, walikuwa na kazi tofauti, na tusingejua kamwe kwa kubomoa nyumba.

Kundi la Alessio Ciulli kule Dundee, Uskochi, lilikuwa limepita njia nyingine mwaka 2014. Walibadilisha asidi amino moja ya domeni waliyoitaka, lusini wakaifanya alanini ambayo ni ndogo, pakatokea nafasi. Kisha wakaiongezea molekuli nundu inayotosha nafasi hiyo tu. Kwa milango mingine nundu inakwama. Fundi seremala ataelewa upesi kuliko mwanakemia: umechonga tundu, umechonga ulimi, na ulimi ule hauingii tundu jingine lolote mjini.

JQ1 ina somo jingine. Molekuli yake ina pacha wa kwenye kioo, yenye atomu zilezile, uzito uleule, tofauti yao ni kama ya kiganja cha kulia na cha kushoto. Ya kushoto haiingii kwenye mfuko. Hicho ndicho kipimo cha haki kuliko vyote: ukiona tokeo kwa zote mbili, tokeo hilo halitoki kwenye bromodomeni. Kipimo kingine ni kutanguliza kichwa kisicho na bendera, kwa wingi, kabla ya probu yako. Kama alama ni ya kweli, itafifia, kwa maana mlango umeshazibwa. Kama haififii, ulikuwa unapaka rangi ukutani.

Na dozi. Kila probu ikizidishwa inakuwa rungu. Wanaofanya kazi hii wamekubaliana viwango: probu ya kuaminika ishike protini yake kwa ukolezi wa chini ya nanomola 100, iipendelee angalau mara 30 kuliko ndugu zake, na ifanye kazi ndani ya seli chini ya maikromola 1, yaani nanomola 1,000. Ninaposoma makala yenye maikromola 50 naiweka pembeni, hata kama picha zake zinapendeza.

Nataka nigusie kwa ufupi kazi ya Itaru Hamachi wa Kyoto, Japani, kwa sababu inanigusa moyo. Probu nyingi hukaa mlangoni na kuuziba, kwa hiyo unatazama protini ambayo umeshaiua. Yeye mwaka 2009 alionyesha mkono unaohamisha bendera kutoka kwenye kichwa kwenda kwa jirani wa mfuko, halafu kichwa kinajiondokea. Mgeni amegonga muhuri na kuaga, na mwenye nyumba anaendelea na kazi yake huku tunamwona.

Mtaniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini? Hapa Mbeya kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambacho kimefanya utafiti wa kifua kikuu kwa miaka mingi, na kila mhudumu wa maabara aliyeko humu ndani anajua kazi ya kusoma makohozi kwa darubini: kupaka, kupasha moto, kuosha kwa asidi, kupaka tena, na mwisho unaona vijiti vyekundu bila kujua kama ni bakteria hai au mizoga. Mwaka 2018 Mireille Kamariza, binti aliyezaliwa Burundi, jirani yetu hapa, akiwa katika maabara ya Bertozzi, alitangaza na wenzake probu ya kifua kikuu. Walichukua sukari iitwayo trehalosi, ambayo vimeng'enya vya ukoo wa Ag85 vya bakteria huyu huipachika kwenye koti lake la mafuta, wakaifunga rangi ambayo kwenye maji haionekani vizuri lakini ikiingia kwenye mafuta inawaka. Bakteria hai anaijenga mwilini mwake mwenyewe na anawaka. Aliyekufa hajengi kitu. Hakuna kuosha. Waliijaribu kwenye makohozi ya wagonjwa Afrika Kusini, ikafanya kazi.

Mimi nilipoisoma nilirudia jina la mwandishi wa kwanza mara mbili, tatu. Kirundi na Kihehe si mbali sana. Nikawaza wasichana wangapi wa Makete na Ileje wamekaa na swali la namna hiyo kichwani, na hakuna aliyewaambia kwamba ni swali.

Kwa maana kazi hii inaanza kwa kutazama, na kutazama sasa ni bure. Benki ya Data ya Protini ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa na miundo 7. Leo ina zaidi ya 200,000, na yeyote anaweza kuifungua. Programu ya AlphaFold, iliyowapa watengenezaji wake sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2024, imekisia miundo ya protini zaidi ya milioni 200, nayo iko wazi pia. Maabara ya kutengeneza molekuli ni ghali, sikatai, na tutaendelea kuidai. Lakini kukaa na domeni mbili, kuzilaza moja juu ya nyingine na kutafuta kovu kunahitaji simu, kifurushi, na mwalimu anayekaa na wewe saa mbili. Walimu, saa hizo mbili nawaombea wanafunzi wenu.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Ilula. Nilimwonyesha baba kwenye simu picha ya kile kimeng'enya, nikakizungusha, nikamwonyesha korongo na serini yake chini. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo ile dawa iliingilia hapa?" Nikasema ndiyo, baba. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na cha mdudu kikoje? Kinafanana na hiki?"

Swali hilo la mkulima wa nyanya ndilo swali lenyewe. Kinafanana sana, na ndiyo sababu dawa ya mdudu ilitaka kumuua mtu. Pareto tunayoilima milimani kwetu inamdhuru mdudu kuliko mtu kwa kuwa mlango wake ni mwingine, mfereji wa sodiamu kwenye neva, na mfereji wetu hauitikii kama wa mdudu, tena miili yetu huivunja upesi. Lakini kwenye asetilikolinesterasi yenyewe, je, kuna kovu?

Lipo. Mwaka 2006 Yuan-Ping Pang, mtafiti wa Mayo Clinic kule Marekani, alilaza kimeng'enya cha mbu wa malaria, Anopheles gambiae, juu ya kile cha binadamu, akaona kwamba kwenye mdomo wa korongo la mbu kuna sisteini. Vidukari wanaoshambulia nafaka nao wanayo. Binadamu hana sisteini mahali pale, na mamalia wengine hawana. Salfa imekaa mlangoni kwa mdudu, kwetu hakuna. Mkono unaopenda salfa, kwenye kichwa kinachokaa vizuri kwenye mdomo wa korongo, ungemkamata mbu au kidukari na kumpita mtu aliyebeba bomba.

Nilimweleza baba hivyo, na akaniuliza nimefikia wapi. Nilimwambia bado natafuta kichwa, na kwamba nakuja Mbeya kuwatafuta wa kunisaidia.

Sisteini ya mbu ni namba 286. Naomba taa zizimwe, niwaonyeshe ilipo.